Fleet Walker, wa mwisho kabla mlango haujafungwa

Kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani huvaa namba moja mgongoni: 42. Mrushaji 42, mdakaji 42, hata yule wa benchi ambaye hatagusa mpira siku hiyo naye 42. Mtangazaji anayewatambua watu kwa namba ana kazi. Ni heshima kwa Jackie Robinson, aliyeingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe hiyo mwaka 1947, na ambaye wengi wamefundishwa kuwa ndiye mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu.

Ipo 42 nyingine ambayo haijashonwa kwenye jezi ya mtu yeyote. Ni idadi ya mechi alizocheza Moses Fleetwood Walker, mtoto wa daktari mweusi wa Ohio, katika ligi kuu mwaka 1884. Hesabu mwenyewe: miaka 63 kabla ya Robinson.

Watu wakiligundua hilo hukimbilia kumvua Robinson taji na kumvika Walker. Mimi sina ugomvi huo. Kwanza taji lenyewe halimkai Walker sawasawa. Mwaka 1879 kijana aitwaye William Edward White, aliyezaliwa Georgia na mama mtumwa na baba aliyemmiliki mama huyo, alicheza mechi moja na Providence Grays. Watu walimjua White kuwa mzungu na yeye akaishi hivyo, hadi watafiti walipokuja kuifukua nasaba yake zaidi ya karne moja baadaye. Je, ahesabiwe? Wapenda ubishi wa kijiweni watakesha.

Kwangu Walker ana uzito zaidi akitazamwa kutoka upande wa pili, kama mtu wa mwisho. Kwa Robinson tunauona mlango ukifunguliwa. Walker alikuwa ndani wakati mlango huo unafungwa, na kwa kuwa alikuwa ndani, tunaweza kuona ni mikono ya akina nani iliyousukuma, siku gani, na kwa visingizio vipi. Historia ya ubaguzi mara nyingi husimuliwa kana kwamba ulikuwepo tangu Adamu, halafu shujaa mmoja akatokea akauvunja. Maisha ya Walker hayakubali simulizi hiyo.

Alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1856 huko Mount Pleasant, kijimji cha Ohio chenye Wakwekari wengi, waumini wale wale ambao Kenya magharibi wanajulikana kama Friends, walioanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Wakwekari wa Ohio walikuwa na sifa ya kuwaficha watumwa waliotoroka kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Virginia. Familia ikahamia Steubenville, baba akawa daktari, mmoja wa weusi wa mwanzo kufanya kazi hiyo Ohio, kisha akawa mchungaji. Kijana alikulia kwenye nyumba ya watu waliosoma. Mwaka 1878 akajiunga na chuo cha Oberlin, kilichokuwa kikipokea wanafunzi weusi tangu miaka ya 1830. Masomo yalianza vizuri, kisha mpira ukayameza. Mwaka 1881 alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha Oberlin kucheza na vyuo vingine, pamoja na mdogo wake Weldy. Mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Michigan kusoma sheria na kudaka mpira, na sheria nayo hakuimaliza.

Nimesema kudaka, na hapa inabidi tusimame kidogo kwa ajili ya msomaji ambaye besiboli ameiona kwenye filamu tu. Mrushaji anavurumisha mpira mdogo mgumu kumpita mpigaji mwenye gongo (la mbao, si lile la kunywa). Nyuma ya mpigaji yuko mdakaji. Kazi yake inafanana na ya kipa wetu, ila kipa akipigiwa mashuti kumi tunasema kachoka, na mdakaji hupokea zaidi ya mia kwa mechi moja. Leo mdakaji ana glovu nene kama mto wa kulalia, kofia ngumu, kinga ya kifua na ya magoti. Zama za Walker alikuwa na barakoa ya nyaya usoni, na mikononi vijiglovu vya ngozi ya kondoo, au mikono mitupu. Kuvunjika vidole kulikuwa sehemu ya ajira. Timu ilihitaji wadakaji wawili watatu, maana mmoja hakuweza kudaka siku mbili mfululizo bila mikono kuvimba.

Basi mtu mwenye uwezo wa kazi hiyo alikuwa mali. Ndiyo sababu timu za wazungu zilimtaka Walker, na ndiyo sababu rangi yake ilivumiliwa kwa muda. Ni vizuri tuelewane hapa: hakuna aliyemfadhili.

Tangu kabla hajalipwa mshahara wa msimu mzima alikwisha kuuonja ubaguzi. Agosti 1881 timu moja ya Cleveland iliyokuwa chini ya kampuni ya cherehani ilimkodi akadake mechi ya ugenini Louisville, Kentucky. Asubuhi hoteli ikamnyima huduma. Uwanjani wenyeji wakakataa asicheze, Cleveland wakamweka mdakaji mwingine, na baada ya muda mfupi tu mikono ya yule mwingine ikaumia. Mashabiki wa Louisville, wazungu wa mji wa kusini, wakaanza kupiga kelele wakimtaka Walker. Akavua koti, akaingia, akadaka mipira michache ya kupasha misuli. Wachezaji wawili wa wenyeji wakatoka uwanjani kwa hasira. Mchezaji wa nafasi nyingine akajitolea kudaka, na Walker akarudi alikotoka. Tukio hili lina jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita: waliokuwa jukwaani walimtaka. Waliogoma ni wenzake wa kazi.

Mwaka 1883 alisajiliwa na Toledo Blue Stockings ya Northwestern League. Kabla msimu haujaanza, mjumbe wa Peoria alileta hoja kwenye kikao cha ligi kwamba wachezaji weusi wapigwe marufuku. Walijadiliana kwa ukali, hoja ikaondolewa. Walker akacheza, Toledo ikachukua ubingwa.

Agosti 10 mwaka huo Chicago White Stockings walifika Toledo kwa mechi ya kirafiki. Nahodha na kocha wao alikuwa Cap Anson, jina kubwa kuliko yote katika mchezo huo, ambaye baadaye alihesabiwa mtu wa kwanza kufikisha mapigo salama 3,000, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji kituoni salama. Anson akatangaza kwamba hataingiza timu uwanjani kama Walker atakuwemo. Sasa sikiliza kichekesho: Walker alikuwa na maumivu mkononi, na Toledo walikuwa wamepanga apumzike. Anson angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Charlie Morton, kocha wa Toledo, aliposikia ile amri, akampanga Walker makusudi, si kudaka bali kulinda upande wa kulia wa uwanja, na kumkumbusha Anson kwamba asipocheza hatapata mgawo wake wa mapato ya mlangoni. Anson akacheza. Chicago ikashinda 7 kwa 6 baada ya raundi kumi.

Mapato ya mlangoni! Mpenzi yeyote wa soka wa Dar es Salaam anaijua nguvu ya maneno hayo. Mwaka 1883 ubaguzi wa Anson ulikuwa na bei, na mtu mmoja mwenye msimamo aliweza kuitaja bei hiyo mbele yake naye akalegea. Morton hakutoa hotuba wala kunukuu Biblia. Alitaja hela.

Ila Anson hakusahau. Mwaka 1884 Toledo ilipanda kwenda American Association, iliyokuwa moja ya ligi kuu, na Chicago walipotaka kurudi kwa mechi nyingine walitanguliza barua. Uongozi wao ulisema wenyewe hauna neno na watu weusi, tatizo ni wachezaji, hao ndio hawataki, kwa hiyo wahakikishiwe mapema kwamba Walker hatakuwemo. Barua hiyo ndiyo inayonifanya niamini kwamba hapa tunatazama chombo kikiundwa. Uongozi unawasukumia wachezaji. Wachezaji wangeulizwa wangewasukumia mashabiki. Mashabiki, kama tulivyoona Louisville, walitaka tu kumwona mtu anayejua kudaka.

Walker alianza ligi kuu tarehe 1 Mei 1884, mji ule ule wa Louisville. Hakupiga hata mpira mmoja wa maana na alifanya makosa manne. Angekuwa mzungu tungesema kaanza vibaya, basi. Alimaliza na mapigo salama 40 katika mara 152 alizohesabiwa akiwa na gongo mkononi, yaani wastani wa .263, ambao ulikuwa juu ya wastani wa ligi mwaka ule. Kwa mdakaji, ambaye anahesabiwa kwa mikono yake kuliko gongo lake, hicho ni kiwango cha kujivunia. Julai, Weldy naye aliitwa kuziba pengo la majeruhi akacheza mechi chache, ndugu wawili weusi katika timu moja ya ligi kuu.

Mrushaji mkuu wa Toledo alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Ireland, kijana mtanashati aliyeweza kurusha kwa mkono wowote, na msimu huo alishinda mechi 36. Miaka mingi baadaye, mwaka 1919, gazeti lilimnukuu akikiri kwamba Walker ndiye mdakaji bora kuliko wote aliopata kufanya nao kazi, ila alimchukia kwa weusi wake, hivyo alikuwa akirusha anavyotaka yeye bila kuangalia ishara zake.

Uyasome tena ukikumbuka ile mikono mitupu. Mdakaji huonyesha kwa vidole mpira wa aina gani urushwe, ili ajue unakuja wapi na kwa kasi gani. Mullane alimnyima Walker habari hiyo makusudi, mechi baada ya mechi. Walker alilazimika kudaka kwa macho tu, mpira mgumu uendao kasi, upinde kushoto au kulia, ushuke au usishuke. Julai alivunjika ubavu. Siwezi kukwambia kwamba mpira ule ulikuwa mmoja wa ile iliyorushwa kwa kinyongo. Ninachojua ni kwamba makosa yake kwenye daftari la takwimu yameandikwa kwa jina lake, na hakuna safu ya takwimu inayoandika kinyongo cha mrushaji. Wanaopenda kulinganisha wachezaji wa zamani kwa tarakimu peke yake wakumbuke hilo.

Septemba kocha alipokea barua kutoka Richmond, Virginia, ambako timu ilitarajiwa kucheza. Waandishi walionya kwamba watu 75 wameapa kumshambulia Walker akithubutu kuonekana uwanjani na jezi. Majina yaliyotiwa sahihi yalikuwa ya uongo, wajasiri hao 75 walijificha nyuma ya wino. Walker hakwenda, kwa sababu majeraha yalikuwa yamemmaliza na klabu iliachana naye mwezi huo huo. Baada ya msimu Toledo yenyewe ikatoka kwenye ligi kuu. Hakuna aliyemfukuza Walker katika ligi kuu kwa azimio. Timu yake ilikufa, na hakuna timu nyingine iliyompigia hodi.

Hapo ndipo wengi humalizia. Mimi naona sehemu nzito ndiyo inaanza, kwa sababu Walker aliendelea kucheza miaka mitano zaidi ngazi ya chini yake: Cleveland, Waterbury, kisha mwaka 1887 Newark, katika International League. Newark ilimuunganisha na George Stovey, mrushaji mweusi wa mkono wa kushoto, mkali kwelikweli, aliyeshinda mechi zaidi ya 30 msimu ule. Mrushaji mweusi na mdakaji mweusi katika timu ya wazungu, jambo ambalo halijulikani kuwahi kutokea kabla yao. Ligi hiyo ilikuwa na weusi wengine: Frank Grant wa Buffalo, Bud Fowler wa Binghamton, Robert Higgins wa Syracuse. Ukitazama picha ya mwanzo wa msimu ungesema mambo yananyooka.

Tarehe 14 Julai 1887 Anson na Chicago yake walifika Newark kwa mechi ya kirafiki. Stovey alikuwa amepangwa kurusha. Anson akarudia masharti yake, na safari hii hakukuwa na Morton wa kumtajia hela. Mashabiki waliambiwa Stovey anaumwa. Walker naye hakucheza. Siku hiyo hiyo, katika mji wa Buffalo, wamiliki wa timu za International League walikuwa wamekaa kikao. Walipiga kura: timu sita zisizokuwa na mchezaji mweusi dhidi ya nne zilizokuwa nao. Uamuzi ukawa kwamba hakuna mikataba mipya kwa weusi. Waliokuwemo waendelee na mikataba yao mpaka iishe.

Tazama ufundi wa uamuzi huo. Hakufukuzwa mtu. Hakuna picha ya mtu anayeburuzwa nje ya geti akilia ambayo gazeti lingeichapa. Bomba linafungwa kwa juu, na waliomo ndani wanazeeka, wanaumia, wanaachwa, mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu inayoonekana ya kimpira. Yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo watu wa aina fulani wanapungua kila mwaka bila mtu kuachishwa kazi anaujua ufundi huu, hata kama hajui besiboli.

Wamarekani wana desturi ya kumbebesha Anson mzigo wote. Anastahili sehemu kubwa, sitamtetea. Lakini Anson hakuwa na kura kule Buffalo. Hakuwa hata mtu wa ligi ile. Waliopiga kura ni wafanyabiashara walioketi mezani, waliopima kelele za wachezaji wazungu dhidi ya faida ya wachezaji wachache weusi, wakaona kelele ni gharama kubwa zaidi. Kuwa na mbaya mmoja mwenye jina kubwa kumewasaidia sana hao sita ambao majina yao hakuna anayeyataja. Na nyuma yao kulikuwa na nchi nzima iliyokuwa ikigeuka. Oktoba 1883, miezi miwili tu baada ya Anson kulegezwa Toledo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mwaka 1875 iliyokataza kubagua watu hotelini, kwenye kumbi na vyombo vya usafiri. Mwenye hoteli aliyemkatalia Walker sasa alikuwa na mahakama upande wake.

Weldy aliliona hilo wazi kuliko waandishi wengi wa siku zake. Machi 1888, aliposikia kwamba ligi nyingine ya Ohio imefuta kanuni iliyoruhusu kusajili weusi, aliandika barua ya wazi kwa rais wa ligi hiyo, ikachapwa na gazeti la Sporting Life. Hoja yake haikuomba huruma. Mkitaka kumkataa mtu, alisema kwa maana hiyo, mkataeni kwa kukosa uwezo, tabia au akili, siyo kwa rangi. Ni hoja ya mchezaji. Mtu anayejua kwamba akipimwa uwanjani atafaulu ndiye anayeomba apimwe.

Kaka yake wakati huo alikuwa Syracuse, akadaka kwenye timu iliyochukua ubingwa wa International League mwaka 1888. Mwaka uliofuata, Agosti, akaachwa. Alikuwa na miaka 32 na mikono ya mzee. Baada yake hakuna mweusi aliyecheza ligi ile kwa miaka 57, hadi 1946, Montreal ilipompanga kijana wake mpya, Jackie Robinson. Ndiyo, ligi ile ile. Robinson hakuingia mahali ambapo mweusi hajawahi kukanyaga. Aliingia kupitia mlango ule ule aliotokea Walker.

Na katika miaka hiyo yote hamkuwa na kanuni iliyoandikwa katika vitabu vya ligi kuu. Mwaka 1942 kamishna wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, alitoa tamko kwamba hakuna sheria, iliyoandikwa wala isiyoandikwa, inayozuia weusi. Lilikuwa tamko la kushangaza kwa mtu aliyekuwa ametawala mchezo tangu 1920 bila kuona uso mweusi hata mmoja kwenye timu zake. Lakini alikuwa na ujasiri wa kulitoa kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kumuumbua. Makubaliano ya midomoni hayafutwi kwa kura, kwa kuwa hayakuwahi kukubalika kuwa yapo.

Maisha ya Walker baada ya mpira hayana mstari mmoja, na nashukuru kwa hilo, maana nimechoka na wasifu wa wanamichezo ambao wakistaafu wanageuka malaika. Aprili 1891, mjini Syracuse, kundi la wazungu lilimzonga nje ya baa. Walker akamchoma kisu mmoja wao, Patrick Murray, na Murray akafa. Walker alishtakiwa kwa mauaji. Juni, baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likamwona hana hatia kwa kuwa alijitetea, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mji uliokuwa umekubali asicheze tena mpira ulikuwa tayari kumshangilia akiachiwa huru. Ukiniuliza hayo mawili yanaishije pamoja kifuani mwa watu wale wale, nitakwambia ndivyo mambo haya yalivyo: kumpenda mtu mmoja mweusi hakujawahi kumzuia mtu kupiga kura dhidi ya weusi wote.

Mwaka huo huo alipata hataza ya uvumbuzi wa kombora la mizinga. Kisha akarudi Steubenville, akafanya kazi ya posta kwenye treni, na mwaka 1898 akatiwa hatiani kwa kuchota fedha kwenye barua za rejista. Alifungwa mwaka mmoja. Akatoka, akaendesha hoteli na Weldy, na mwaka 1902 ndugu hao wakahariri gazeti la masuala ya weusi walilolipa jina The Equator, yaani Ikweta. Hakuna nakala inayojulikana kubaki. Sisi tunaoishi chini ya mstari huo tungependa sana kusoma walichokuwa wakiuota.

Pengine kinajulikana kwa sehemu, kwa sababu mwaka 1908 Walker alichapa kijitabu cha kurasa 47, Our Home Colony, juu ya jana, leo na kesho ya mtu mweusi Marekani. Hitimisho lake ni kali: weusi na weupe hawatakaa pamoja kwa amani, dawa ya kudumu ni weusi kuhama Marekani na kwenda Afrika. Mtoto wa Mount Pleasant, wa Oberlin, aliyeishi maisha yake yote akitembea kati ya dunia hizo mbili, anasema haiwezekani.

Mwanzoni kijitabu hicho kiliniudhi. Afrika gani ya 1908? Wajerumani ndiyo kwanza walikuwa wamemaliza kuzima vita vya Maji Maji kusini mwa Tanganyika kwa risasi na njaa. Kongo ilikuwa inahamishwa mwaka huo huo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold kwenda kwa serikali ya Ubelgiji, kama shamba linalobadilisha mmiliki. Ukiondoa Liberia na Ethiopia, mwafrika karibu kote alikuwa na Anson wake, mwenye bunduki. Walker alitaka kuwatoa watu kwenye uwanja waliokatazwa kucheza na kuwapeleka kwenye uwanja uliokwisha kuporwa.

Nimelainika tangu hapo, ingawa bado naona alikosea. Walioandika juu ya kuhama walikuwa wengi enzi zile, wengi wao kwa nadharia. Yeye alikuwa ameona kwa macho. Alikuwa ndani ya chumba kilichokuwa kinachanganyika, akakiona kikitenganishwa ndani ya miaka sita, na waliokitenganisha hawakuwa wahuni wa Richmond na barua zao za vitisho. Walikuwa waungwana wa kaskazini wenye kikao, ajenda na kura. Mtu aliyeshuhudia hayo akiambiwa kwamba muda utaponya, ana haki ya kuuliza muda upi.

Hakuhama. Alibaki Ohio akiendesha jumba la maonyesho mjini Cadiz, lililoonyesha michezo ya jukwaani na filamu, na mwaka 1920 akapata hataza nyingine tatu za vifaa vya sinema, kikiwemo cha kumwonya mwendesha mashine kwamba mkanda unakaribia kwisha. Alikufa Cleveland tarehe 11 Mei 1924 kwa nimonia, akazikwa Steubenville, kaburi lisilo na jiwe. Wahitimu wa Oberlin walikuja kumwekea jiwe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Limechongwa maneno yanayosema kwamba hapa amelala mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu.